Masisi na Walikale: Emprimante ibaki kwenye prizi, ao ichomolewe?

Sekretaria ndogo za Masisi na Walikale zinajulikana na kila mtu: nyumba ya mbao, ordinateri moja ao mbili, emprimante, ekrani, wakati mwingine modemu ya intaneti, na foleni ya watu. Mwalimu amekuja kutoa buletini za wanafunzi, mama anataka kopi ya karte, kijana anaandika barua ya kuomba kazi. Jioni mwenye duka anafunga mlango na kwenda nyumbani. Vifaa vinabaki vimechomekwa, na taa ndogo ya kijani inawaka usiku kucha.

Katika nchi zenye umeme wa kila saa, swali la kuchomoa ao kuacha ni la senti chache tu. Ulaya iliweka sheria kwamba tangu 2013, vyombo vingi vipya vya nyumbani na vya ofisi visile zaidi ya nusu wati vikiwa vimezimwa. Hata Goma, penye moto wa Matebe, na wa panno za Nuru tangu 2020, hasara ya usiku mmoja haionekani. Lakini sehemu kubwa ya Masisi na Walikale haina waya wa umeme wa watu wote. Kila duka linajitegemea: panno juu ya bati, batri, konvertisa, na jenereta kwa siku za mawingu.

Tupige hesabu. Batri ya volti 12 na amperi-saa 100 inabeba wati-saa 1200. Kwa batri ya risasi, ukiitaka idumu, unatumia nusu tu, yaani 600. Konvertisa iliyowashwa bila kazi inaweza kula wati 10 yenyewe. Ongeza modemu wati 8, emprimante inayolala wati 3, ekrani wati 1, bafle ndogo za sauti wati 3. Jumla wati 25. Kwa saa 12 za usiku, ni wati-saa 300. Nusu ya moto uliokuwa halali yako imekwenda, na hakuna karatasi hata moja iliyotoka. Asubuhi ikiamka na ukungu, kama kawaida ya milima ya Masisi, mwenye duka ananunua petroli ili kurudisha kile kilichopotea akiwa amelala.

Wenye Starlink wajue zaidi. Kampuni hiyo ilipata ruhusa nchini mwezi wa tano 2025, na kifaa chake cha kawaida kinakula kati ya wati 50 na 100 kikiwa kazini, na kinaendelea kula moto hata kama hakuna mtu anayefungua ukurasa. Kukiacha usiku kunaweza kumaliza batri.

Dawa ya hasara hiyo ni nyepesi: zima konvertisa, kila kitu nyuma yake kinakufa. Basi kwa nini kusumbuka kuchomoa waya mmoja mmoja?

Ni kwa sababu ya radi. Setilaiti ya NASA iliyoitwa TRMM ilihesabu mimweko ya radi kwa miaka 16, kuanzia 1998 hadi 2013, na wataalamu wakatoa orodha ya dunia mwaka 2016. Sake, mji ulio mlangoni mwa Masisi, ulikuwa wa 5 duniani: mimweko 143 kwa kila kilometa mraba kwa mwaka. Kabare ya Kivu ya Kusini ilikuwa ya 2, Kampene ya Maniema ya 3, na Butembo pia iliingia katika 10 za kwanza. Mimweko mingi inabaki mawinguni, ni kweli. Lakini inayoshuka inatosha.

Na hapa batani ya kuzima haisaidii. Ndani ya batani, nafasi kati ya vyuma viwili ni milimeta chache. Radi iliyovuka kilometa za hewa haitasimama hapo. Tena si lazima ipige nyumba yako: ikianguka karibu, nguvu yake inaingia katika waya mrefu wowote, wa panno, wa antena, wa jirani mliyegawana naye jenereta. Inapita kwenye modemu, inafuata kebo hadi ordinateri, inatokea kwenye emprimante. Ndiyo maana mtu anashangaa: "Nilizima yote, mbona imeungua?" Halafu maneno mengine yanaanza, nani ametuma radi, nani alikuwa na wivu. Mara nyingi jibu liko kwenye waya uliobaki ukutani, na jirani hana kosa.

Kwa hiyo chomoa: waya wa moto, na pia kebo ya antena ao ya modemu inayotoka nje. Multiprizi ya kinga inasaidia kwa mishtuko midogo, lakini bila waya wa kuingia ardhini ni kama kamba tu yenye matundu mengi. Na chomoa mapema. Ukiona mmweko na ngurumo ikafika kabla ya kuhesabu sekunde 30, radi iko ndani ya kilometa 10. Wakati huo usiguse tena waya, wala usipande kwenye bati kufungua panno. Acha mashine iungue, na ungoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Jenereta nayo ina tabia yake. Ikiwashwa, volti zinapanda na kushuka. Petroli ikikaribia kuisha, ni vilevile. Chomeka baada ya sauti kutulia, chomoa kabla ya kuizima.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Emprimante ya wino izimwe kwanza kwa batani yake, ingoje irudishe kichwa chake mahali pa kufunikwa, ndipo uchomoe. Ukiikata ghafla, wino unakauka kwenye vitundu, na katriji mpya kutoka Goma ina bei yake na barabara yake. Onduleri yenye batri ndani usiiache miezi bila kuilisha moto. Batri ya risasi inayokaa tupu inakufa.

Inachekesha kidogo, tena inauma: ndani ya vyombo hivyo mna jasho la hapa hapa. Koltani ya Rubaya, Masisi, inatoa tantali ya vikondensa vidogo. Kasiterite ya Bisie, Walikale, inatoa stani inayounganisha vipande vyote. Vinatoka hapa kama mawe, vinarudi vimekuwa mashine ya kununuliwa kwa dola, na radi moja ya saa kumi ya jioni inaweza kuimaliza kabla deni lake halijalipwa.