Sura ya Nne: Ndani ya 261,331

Sensa ya 2012, iliyohesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti, ilipata watu 261,331 katika Wilaya ya Kibondo. Kwa afisa mipango, namba hiyo ni madawati, dawa na visima. Sisi tuifungue tuone imejengwa kwa vigawo gani.

Inaishia na 1, basi 2 na 5 hazimo. Tarakimu zake zikijumlishwa zinatoa 16, ambayo haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo 3 nayo haimo. Kipimo hiki kina sababu yake: 10, 100, 1,000 na kuendelea, kila moja ukiigawa kwa 3 inabakiza 1. Jaribu 7. Inaingia mara 37,333 kamili, na haiingii tena. Panda kwenye namba tasa zinazofuata: 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31. Zote zinaacha baki. Ukifika 37, unaigawa 37,333 na kupata 1,009 bila baki.

Na 1,009 je? Kugawa kumekwisha. Ingekuwa zao la namba mbili kubwa kuliko 1, ndogo yao isingezidi 31, maana 32 × 32 ni 1,024 tayari. Namba tasa zote mpaka 31 tumeshazipima. Basi 1,009 ni tasa, na

261,331 = 7 × 37 × 1,009.

Hakuna kundi lingine la namba tasa litakalotoa zao hilo. Mwanahisabati Gauss alilithibitisha jambo hili kikamilifu, kwa namba nzima zote, mwaka 1801. Kuzidisha tatu hizo ni kazi ya dakika moja. Kuzitafuta ndiko kunakochosha, na namba ikiwa na mamia ya tarakimu, hata kompyuta huweza kushindwa. Juu ya ugumu huo Rivest, Shamir na Adleman walijenga mwaka 1977 mfumo wa RSA, unaolinda siri mitandaoni.

Tushuke Kasulu. Sensa hiyohiyo iliupa Mji wa Kasulu watu 208,244, yaani 2 × 2 × 79 × 659. Kigawo kikubwa cha shirika (KKS) kati yake na Kibondo ni 1 tu. Sasa tuseme mtoto mmoja zaidi angezaliwa Mabamba, wilayani Kibondo, kabla ya usiku ule. Kibondo ingekuwa na 261,332, ambayo ni 2 × 2 × 79 × 827. Angalia kilichotokea! 7, 37 na 1,009 zimetoweka, na KKS na Kasulu imeruka kutoka 1 hadi 316.

Kutoweka kwa namba hizo tatu kulikuwa lazima: kinachogawa namba mbili zinazofuatana hugawa pia tofauti yao, ambayo ni 1. Kuja kwa 79 ni suala jingine. Hakuna kitu katika 7, 37 na 1,009 kinachoitangaza, na hadi leo haijulikani njia ya mkato ya kutoka kwenye vigawo vya namba moja kwenda kwenye vya ile inayoifuata.