Bali: Kisiwa Ambako Wageni Hulipa Kupumzika Mashambani

Mkulima aliyeamka alfajiri kukamua ng'ombe, kisha akashika jembe mpaka jua la utosi, hataamini upesi ya kwamba wako watu wapandao ndege, wakavuka bahari na kutoa fedha nyingi, ili wakae tu kando ya shamba la mtu mwingine na kumtazama akilima. Lakini ni kweli. Jambo hilo hutendeka kila siku katika kisiwa cha Bali, nchi ya Indonesia. Yafaa tulieleze, kwa kuwa ndani yake mna habari ya maji, ya ushirika na ya ardhi, nazo zamhusu kila mwenye shamba.

Bali ni kisiwa kidogo, upande wa kusini wa Ikweta, chenye kilomita za mraba 5,780 hivi na watu zaidi ya milioni 4. Kina milima ya moto, na mkubwa kupita yote ni Agung, unaozidi mita 3,000. Mwaka 1963 mlima huo ulilipuka ukaua watu zaidi ya elfu moja. Hata hivyo majivu ya milima hiyo ndiyo yaliyoupa udongo rutuba. Maji hushuka kutoka huko juu, na wenyeji wameyakinga njiani kwa mifereji, wakachonga miteremko kuwa ngazi za mashamba ya mpunga, moja juu ya nyingine.

MGENI ANAVYOKAA

Mgeni asiyependa kelele za mahoteli ya pwani huenda kijijini akakodi chumba katika boma la familia. Boma la kule huzungukwa na ukuta. Ndani mna nyumba ndogo ndogo: ya wazee, za kulala, jiko na ghala ya mpunga. Katika pembe iliyo upande wa mlima na macheo ya jua pana mahali pa ibada, kwani watu wengi wa Bali ni wa dini ya Kihindu.

Asubuhi mgeni huamshwa na majogoo na sauti ya maji mferejini. Mama wa nyumba hupita uani akiweka sadaka, yaani vikapu vidogo vya majani ya mnazi vyenye maua na wali kidogo, pamoja na ubani. Mgeni huletewa kahawa, au uji wa mchele mweusi wenye tui la nazi. Kisha hutembea juu ya kingo za majaruba. Huona bata wakiswagwa kuingia katika shamba lililokwisha vunwa, ili wale wadudu, konokono na punje zilizoanguka, na kuacha samadi yao humo. Jioni husikia vyura tu.

Waswahili husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko Bali wako wageni wanaoliomba jembe wenyewe, na hulipa wafundishwe kupanda miche matopeni!

Tena kuna siku moja kila mwaka, mara nyingi mwezi wa Machi, ambayo kisiwa kizima hupumzika. Siku hiyo huitwa Nyepi. Watu hawafanyi kazi, hawawashi moto wala hawasafiri. Hata uwanja wa ndege hufungwa kwa saa 24. Mgeni naye hutakiwa kukaa ndani, ajapokuwa amelipa.

UTULIVU HUO WATOKA WAPI?

Mgeni akiona uzuri huo hudhani ya kwamba umekuja wenyewe. Sivyo. Kila ukingo umejengwa kwa mikono, na kila tone la maji lina mpango wake. Mpango huo ni wa vyama vya wakulima viitwavyo subak, vyenye umri wa zaidi ya miaka 900. Viko 1,200 hivi, na wakulima 50 mpaka 400 hutumia maji ya chanzo kimoja. Kila chama kina mkuu wake, pekaseh, achaguliwaye na wakulima. Wana sheria zao, na asiyefika kusafisha mfereji hutozwa faini.

Jinsi ya kugawa maji ni rahisi. Gogo hulazwa mferejini, nalo limechongwa mapengo. Upana wa kila pengo hupimwa kwa haki ya yule apelekewaye maji. Mwenye kutaka kuzidisha fungu lake itambidi achonge gogo mbele ya macho ya watu wote.

Sasa jiulize: mwenye shamba la juu hupata maji kwanza. Kwa nini amjali wa chini? Sababu ni wadudu. Kila mtu akipanda siku aipendayo, wadudu hutoka shamba lililovunwa wakahamia lenye mpunga mchanga, na chakula chao hakiishi. Lakini majirani wote wakipanda pamoja, wakavuna pamoja, na kuacha mashamba yapumzike pamoja, wadudu hufa njaa. Basi wa juu hutoa maji ili wa chini waweze kupanda pamoja naye, na wa chini humsaidia kwa kufuata zamu. Wote hupata faida.

Katika miaka ya 1970 wakulima walihimizwa kutumia mbegu mpya zinazokomaa upesi, na kupanda mara nyingi iwezekanavyo bila kungojea zamu. Mwanzoni mavuno yaliongezeka. Halafu zamu ikavurugika, maji yakagombewa, na wadudu wakashambulia mpunga. Dawa zilinyunyizwa, lakini wadudu hawakwisha. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa Marekani, Stephen Lansing, pamoja na mwenzake James Kremer, walipiga hesabu kwa kompyuta. Wakaonyesha ya kwamba zamu ya wazee, iliyopangwa katika mahekalu ya maji, ndiyo iliyofaa kwa mavuno. Basi mbegu mpya zilibaki, na zamu ya zamani ikarudi.

HATARI ILIYOPO

Mwaka 2012 shirika la UNESCO liliandika mashamba ya subak, pamoja na yale ya Jatiluwih, katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2019 wageni zaidi ya milioni 6 kutoka nchi za nje walifika Bali. Fedha ziliingia, na watoto wengi wamesomeshwa nazo. Lakini bei ya ardhi ilipanda pia. Mwenye jaruba kando ya barabara huuza, na badala ya mpunga hujengwa nyumba ya wageni yenye bwawa la kuogelea. Mfereji ukikatwa na jengo, walio chini hukosa maji. Chama hupungukiwa na mtu, na kazi yake huwaangukia waliosalia. Mgeni aliyekuja kutazama mpunga sasa hutazama ukuta.

Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipozuia safari, mahoteli yalifungwa. Vijana wengi waliokuwa wakifanya kazi humo walirudi vijijini kulima. Aliyekuwa na shamba alikula. Aliyekwisha kuuza hakuwa na mahali pa kurudi.

Kwa hiyo familia iliyofanya vizuri ni ile iliyokodisha chumba kimoja au viwili na kuyashika majaruba yake. Kadhalika huko Jatiluwih mgeni hulipa kiingilio, na sehemu ya fedha hizo huenda kwa kijiji na kwa vyama vya wakulima. Hivyo ndivyo inavyopasa, maana wao ndio watengenezaji wa kile alichokuja kukitazama.

Fedha za wageni ni kama mayai ya kuku wa uani: husaidia nyumba, lakini shamba halipaswi kuuzwa kwa ajili yake. Na mtu ajapo na bei nzuri ya kipande chako kilicho kando ya mfereji, kabla ya kumjibu, teremka kwanza ukaone ni nani wanaokunywa maji hayo chini yako.