Je, Wajua? Punguzo la Pikapu Limo Kwenye Kodi

Huko Gisozi, Kigali, vitanda na mbao za soko la Agakiriro husafiri kwa pikapu. Mnunuzi wa pikapu mpya atabembeleza bei wee, lakini mzigo mkubwa uko forodhani.

• Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa pikapu iliyoundwa nje ni asilimia 25. Juu yake Rwanda hutoza VAT ya asilimia 18, ikihesabiwa pamoja na ushuru huo.

• Marekani nayo ilianza kutoza pikapu za kigeni asilimia 25 mwaka 1964. Chanzo? Kuku! Ulaya ilikuwa imepandisha ushuru wa kuku wa Marekani.

• Punguzo la muuzaji nalo lipo: Januari 1975, Chrysler, kampuni ya magari ya Marekani, ilivuma kwa kuwarudishia wanunuzi dola 200 hadi 400 kwa gari.

• Mwaka 2021 Rwanda iliyasamehe magari ya umeme VAT na ushuru wa forodha.

• Nchini Rwanda magari huendeshwa upande wa kulia wa barabara. Uganda, Kenya na Tanzania, kushoto. Ukiona pikapu ya bei ya kutupa Kampala, tazama kwanza usukani uko upande gani.