Moto wa Kilimanjaro: setilaiti inaona majivu, haioni njia

Wadau, mnakumbuka moto wa Oktoba 2020 kule Kilimanjaro? Ulianzia Whona, pale wapanda mlima wa njia ya Marangu wanapopumzika. Sasa eneo lililoungua hupimwaje? Nieleze kifupi.

Setilaiti kama Sentinel-2 hupiga picha eneo lile lile kila baada ya siku chache. Jani zima hurudisha mwanga fulani ambao macho yetu hayauoni. Likiungua, mwanga huo unapungua. Linganisha picha ya kabla na ya baada, jibu hilo hapo.

Ila njia za miguu chini ya miti mikubwa hazionekani toka juu. Lazima mtu apande na GPS, arekodi akitembea. Bila ramani hiyo, wazima moto watapitia wapi? Na msitu ule, jamani, ndio unaolisha mto Pangani!