Goti likikwama, usilichome moto

Ndani ya kila goti mna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga. Hupokea uzito wa mwili kati ya mfupa wa paja na muundi. Kile cha upande wa ndani kimeshikizwa zaidi, hakisogei kwa urahisi. Ndiyo sababu huchanika mara nyingi kuliko cha nje.

Je, nani yumo hatarini zaidi? Kwa jumla wanaume huumia zaidi, hasa kwa michezo na kazi nzito. Kijana wa Garissa akicheza kandanda mchangani, mguu huzama, mwili ukageuka, goti likapindika. Mwanamke naye ana nyonga pana, hivyo paja lake hushuka likielekea ndani zaidi. Wasichana wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka ghafla hukatika kano ya katikati ya goti kuliko wavulana, na kano ikikatika, gegedu hukosa kinga.

Baada ya miaka 40 gegedu huchakaa. Kuchuchumaa kisha kuinuka na mtungi wa maji wa lita 20 kwaweza kuichana.

Ukingo wa nje tu wa gegedu ndio wenye damu ya kutosha. Mpasuko ulio mbali na ukingo huo ni vigumu kupona wenyewe. Kwa hiyo goti likivimba, au likikwama lisinyooke, usilichome kwa chuma cha moto. Moto hauungi gegedu, huleta kidonda. Lipumzishe, liwekee kitambaa cha maji baridi, kisha uwahi hospitali. Goti lililokwama halingoji.