Nywele fupi kwa vijana wetu: mtindo, masomo na usafi wa mashine

Leo sitaongea juu ya mihogo wala mbolea. Nitaongea juu ya kichwa cha mdogo wangu.

Ana miaka 13. Mwaka jana, mwanzoni mwa masomo, alirudi nyumbani saa tatu ya asubuhi. Walimfukuza juu ya degrade yenye mistari miwili pembeni, na mtihani wa hesabu ukapita bila yeye. Mimi nilikasirika. Kesho yake nikamshika mkono, nikampeleka kwa kinyozi wa bei ndogo, karibu na soko, nikasema: "Toa yote." Kinyozi alikuwa amemaliza mteja mwingine. Akapuliza mashine kwa kinywa, akaanza. Mimi niliona, sikusema kitu.

Kisha majuma mawili, mtoto akaniambia: "Yaya, kichwa inaniwasha." Kulikuwa mviringo mdogo wenye magamba, nywele zimekatika. Mapunye. Nikanunua pomade, tukapaka karibu mwezi mzima. Bure. Mviringo ukawa mitatu, na mmoja nyuma ya sikio ukavimba na kutoa usaha. Ku masomo akawa anavaa kofia, wakamnyanganya kofia.

Muganga ndiye alitufasiria: fangasi ya kichwa inaingia ndani ya unywele wenyewe mpaka kwenye shina lake, pale pomade haifiki. Inaomba dawa ya kumeza, majuma mengi, bila kukatisha. Basi hapo nikasikia haya. Kwa nini? Kwa sababu mimi ni mwanaagronomia wa Kivu. Mnajua ule ugonjwa wa migomba, mnyauko wa bakteria, ulioonekana Masisi mwaka 2001 na kumaliza mashamba mingi? Njia moja kubwa ya kusambaa kwake ni panga: unakata mgomba mgonjwa, unaenda na panga ileile ku mgomba mzima. Nimesimama mbele ya wakulima mara ngapi nikisema "pitisha panga kwenye moto, ao osha na javeli, mbele ya kukata mwingine"? Na siku ile nilitazama mashine inatoka kichwa kimoja inaingia kingine, nikanyamaza ili nisipoteze franka kidogo.

Njo maana ninaandika. Wengi wetu ni mayaya na dada wakubwa, ni sisi tunaotoa pesa ya kunyoa. Tujue tunachoomba.

Kwanza, namba. Kile kichanio kinachofungwa juu ya mashine kina namba. Namba 1 inaacha nywele za milimetre 3 hivi, namba 2 milimetre 6, namba 3 karibu 10, namba 4 karibu 13. Nywele zinaota sentimetre moja hivi kwa mwezi. Ni kusema ukinyoa namba 1, kisha mwezi umefika namba 4. Fanya hesabu yako kulingana na pesa ya nyumbani.

Pili, mitindo.

Kipara, yaani bila kichanio kabisa, ni rahisi kwa masomo, lakini hakifai kila mtu. Kijana mwenye nywele za kujikunja, ukikata karibu sana na ngozi, ncha inaweza kurudi ndani na kuleta vipele, zaidi kwenye shingo nyuma. Kwa wengine vile vipele vinakuwa makovu magumu. Kama vimeanza, acha wembe pale, baki na namba 1.

Sawasawa kichwa kizima, namba 1 ao 2, ndiyo ninayopenda kwa mwanafunzi. Haina kelele, na prefe hana la kusema.

Degrade ya chini: juu namba 3 ao 4, pembeni inapungua polepole, na inaanzia karibu na sikio. Masomo mengine yanaikubali, mengine hapana. Uliza mbele, usiulize nyuma ya kufukuzwa. Degrade ya juu, mistari na kiduku, hiyo ngojea vakansi.

Kwa mabinti wanaoombwa nywele fupi, namba 4 yenye mviringo mzuri inatosha. Kukatwa fupi siyo kuazibiwa. Msikubali mtoto akatwe kwa hasira, kama nilivyofanya mimi.

Na laini ya mbele: mwambie kinyozi afuate ile ya asili. Akiirudisha nyuma ili ionekane kali, kisha siku chache vinywele vinaota mbele yake na uso unakuwa kama shamba lisilopaliliwa.

Tatu, usafi. Mashine izimwe, nywele zitolewe na brosi, meno yapakwe alkoli ya 70, ingojewe ikauke. Kupuliza siyo kusafisha. Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele ya macho yako, kwa sababu kirusi cha epatiti B kinaweza kuishi juu ya kitu kwa siku 7 na damu haionekani hata. Taulo na kichanio vilevile: kila mtu na yake. Na mtoto akiwa na mapunye, angalia vichwa vya wale anaolala nao.

Kinyozi akikasirika, sema kwa heshima: "Kaka, nisamehe, paka alkoli kwanza, chupa iko yangu." Wengi hawakatai. Wanakosa tu pesa ya kununua.

Mdogo wangu amepona. Nywele zimerudi, isipokuwa pale nyuma ya sikio, kadiri ya kidole gumba; pale hapaoti tena. Siku ya posho anaenda kunyolewa mwenyewe, chupa ndogo mfukoni. Anaomba namba 2. Anasema namba 2 inafunika.