Mvua za radi Songwe: Fanya haya kabla nguzo haijaanguka

Wakazi wa Tunduma hawahitaji kalenda kujua msimu umeanza. Asubuhi jua kali, mchana joto linabana, na ikifika saa tisa alasiri wingu jeusi limeshajipanga. Upepo unainua vumbi la barabara ya malori, mabati yanaanza kugonga, watu wanakimbiza nguo kwenye kamba. Kisha friji linanyamaza. Umeme umekatika.

Songwe ni miongoni mwa mikoa inayopata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huutolea utabiri wa Novemba hadi Aprili. Mvua hizo ndizo zinazokuza mahindi ya Momba na kahawa ya Mbozi. Tatizo ni kinachokuja nazo: upepo mkali, mvua ya mawe na radi.

Wengi umeme ukikatika wanasema "mgao umerudi". Mara nyingi sivyo. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuingia kwenye gridi mwaka 2024, kuzalisha umeme siyo kikwazo kikubwa kama zamani. Ni tofauti na majirani wa upande wa pili wa mpaka, ambao wengi wao mwaka huohuo walikaa gizani saa nyingi kwa siku baada ya ukame kushusha maji ya Kariba.

Huku kwetu, wakati wa dhoruba, shida iko njiani. Nguzo imelala, mti umeangukia waya, au radi imepiga transfoma. Umeme upo, ila haukufikii. Na waya uliokatika ukalala kwenye matope ni hatari kuliko giza lenyewe.

Anza na nyaya za ndani

Nyumba nyingi za kupanga Tunduma zina mita moja ya LUKU na vyumba sita au nane. Kila mpangaji anajivutia waya wake: mmoja ana friji, mwingine saluni, mwingine anachemsha maji kwa hita ya ndoo. Nyaya zilizotandazwa miaka kumi iliyopita kwa ajili ya taa na redio sasa zinabeba mzigo wa duka zima.

Hesabu yake ni rahisi. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na plagi yetu ya miguu mitatu imetengenezwa kubeba ampea 13. Zidisha, unapata kama wati 3,000. Sasa chomeka birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye ekstensheni moja. Umeshapita. Tena hapo ekstensheni iwe nzima. Zile za bei ya kutupa, zenye waya mwembamba kama wa chaja, huzidiwa mapema zaidi.

Dalili za kuzidiwa zinaonekana bila kipimo. Soketi ina moto ukiigusa, plagi imegeuka rangi ya kahawia, kuna harufu ya plastiki inayoungua, taa zinafifia pasi ikiwashwa, au saketi breka inaanguka kila mara. Kuirudisha tu breka inapoanguka, au kubana fyuzi kwa kipande cha waya, ni kumziba mdomo mlinzi anayepiga kelele za mwizi.

Kabla mvua hazijakolea, mwite mtu akague. Mambo matatu ya kumuuliza: waya wa ardhini upo na unafanya kazi? Kuna kifaa kinachokata umeme wenyewe unapovuja kwenda kwenye mwili wa mtu? Waya unaoingia kutoka kwenye nguzo umeshikwa vizuri, au unasuguana na bati? Hili la mwisho husahaulika sana. Waya uliochunika ukigusa bati lililolowa, nyumba nzima inaweza kuwa na umeme, kuanzia paa hadi kamba ya chuma ya kuanikia nguo.

Mtu huyo awe fundi mwenye leseni ya EWURA, siyo kishoka. Vishoka ni bei rahisi na wanakuja haraka, hilo linajulikana. Lakini nyumba ikiungua hapatikani hata kwa simu.

Mti unaogusa waya wa TANESCO usiukate mwenyewe, hata kama uko ndani ya uwanja wako. Toa taarifa, wakate wao. Tawi bichi lenye maji linapitisha umeme vizuri tu.

Paa, na ukuta ambao hakuna anayeufikiria

Paa ndilo linaloonekana, kwa hiyo ndilo linaloogopwa. Panda uangalie misumari iliyolegea na kenchi zilizoliwa na mchwa, na kama kenchi zimefungwa kwenye ukuta au zimekaa tu juu yake. Mawe na matairi yanayowekwa juu ya bati hayazuii upepo mkali. Yanachofanya ni kuruka nalo.

Ila tukio la Mwakata, wilayani Kahama, lina somo jingine. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo viliua zaidi ya watu 40 katika kijiji hicho cha Shinyanga, na wengi walifunikwa na kuta za udongo zilizolowa zikaanguka watu wakiwa wamelala. Kwa nyumba ya tope au tofali mbichi, ambazo bado ni nyingi vijijini Momba na Ileje, la kukagua mapema ni mfereji unaopitisha maji mbali na msingi, na ufa unaozidi kupanuka. Kitanda cha watoto kisiegemee ukuta wenye ufa. Na ujulikane mapema mtakwenda kwa nani mvua ikizidi usiku, kwa sababu kubishana mlangoni saa nane za usiku ni kupoteza muda.

Radi: kioo hakina kosa

Januari 2025, radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe mkoani Geita, wakiwa shuleni. Kwa hiyo kuwa chini ya paa peke yake hakutoshi. Inategemea unafanya nini ndani na jengo limewekewa kinga gani.

Kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu hakusaidii. Radi haiangalii rangi. Inatafuta njia fupi ya kufika ardhini, na ndani ya nyumba njia hizo ni nyaya za umeme, waya wa antena au dishi, mabomba ya chuma na milango ya chuma. Kwa hiyo chomoa TV, king'amuzi na friji mapema, kabla radi haijakaribia; kuzima kwa swichi hakutoshi, maana radi inaruka pengo dogo la swichi bila shida. Usioge, usioshe vyombo bombani, na usiegemee ukuta wenye nyaya.

Simu? Simu iliyo mkononi haiiti radi. Iliyo kwenye chaja ndiyo yenye hatari, kwa kuwa wewe na waya wa umeme mmeshaunganishwa.

Namna ya kujua iko mbali kiasi gani: ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, gawanya kwa tatu, hiyo ndiyo kilomita. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na unatakiwa uwe umeshaingia ndani. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke. Aliye shambani aache jembe, akae mbali na mti ulio peke yake, na asijibanze kwenye kibanda cha nguzo nne kisicho na kuta.

Waya ukiwa chini

Chukulia mvua imekatika, watoto wametoka kuchezea madimbwi, na waya umelala kando ya njia. Hautoi cheche. Haulii. Mtaa mzima hauna umeme. Watu wanasema umekufa.

Usiuamini. Mitambo ya kulinda laini hukata umeme inapohisi mkondo mkubwa umevuja. Waya ukiangukia lami, mchanga au mawe, mkondo unaovuja unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba mitambo haishtuki, na waya unabaki na umeme. Au laini imezimwa kweli, halafu baada ya dakika chache inajaribiwa kuwashwa tena. Laini kubwa zinazopita mitaani ni za kilovolti 11 au 33, siyo volti 230 za kwenye soketi.

Tena huhitaji kuugusa. Umeme unasambaa kwenye udongo kama mawimbi ya jiwe lililotupwa bwawani: karibu na waya ni mkali, ukienda mbali unapungua. Ukipiga hatua ndefu, mguu mmoja unakanyaga penye umeme mwingi na mwingine penye umeme kidogo, na tofauti hiyo inapita mwilini mwako, kutoka mguu hadi mguu. Ng'ombe hufa kirahisi kwa njia hii kwa sababu miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbali.

Kaa mita 10 au zaidi, na kukiwa na maji ongeza. Ukijikuta tayari uko karibu, usikimbie. Bana miguu pamoja, usogee kwa kuburuza nyayo kidogo kidogo bila kuachanisha. Usiusukume waya kwa fimbo wala panga. Weka mtu kila upande azuie wapita njia na bodaboda, kisha piga TANESCO namba 180, bure. Taja mtaa na alama: Sogea, Mpemba, Chapwa, karibu na shule gani au ghala lipi. Ukisoma namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya jirani, ukiwa mbali na waya, utakuwa umewarahisishia kazi sana.

Kwa mji wenye foleni ya malori kama huu, liko jambo la madereva pia. Waya ukiangukia lori, abaki ndani ya kebini hadi umeme ukatwe. Anayeteremka kawaida, mkono mlangoni na mguu chini, anakuwa ndiye njia ya umeme. Gari likishika moto tu ndipo aruke, miguu yote miwili itue pamoja, asiguse gari, kisha aburuze nyayo kuondoka.

Kukaa gizani bila kuchoma nyumba

Nunua LUKU kabla, maana dhoruba inayoangusha nguzo hugusa pia mtandao wa simu. Jaza simu na pawabenki mchana. Jaza madumu ya maji, kwa kuwa pampu bila umeme ni chuma tu. Redio ndogo ya betri bado ina kazi: TMA ikitoa "angalizo", "tahadhari" au "tahadhari kubwa", utasikia hata data ikigoma.

Kwa mwanga, tochi au taa ya sola. Mshumaa karibu na neti ni moto unaosubiri mtoto ageuke kitandani.

Jiko la mkaa halilali ndani na watu. Nyanda za Mbozi na Ileje zina baridi, na kishawishi cha kuliingiza chumbani mvua ikinyesha kinaeleweka. Lakini mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huanza kwa kichwa kuuma na usingizi, na wengi hawaamki. Jenereta nayo ikae nje, mbali na dirisha, siyo koridoni.

Na jenereta isichomekwe kwenye soketi ya ukutani ili "iwashe nyumba nzima". Umeme wake unatoka kinyumenyume hadi kwenye transfoma, unapandishwa kuwa maelfu ya volti, na unamkuta fundi aliyepanda nguzo akijua laini imezimwa. Fundi wako aweke swichi ya kubadilishia, ile wanayoita chenjiova.

Friji lisifunguliwe ovyo. Likifungwa, chakula kinakaa salama kama saa nne. Friza iliyojaa, hadi siku mbili. Mwenye duka la samaki au nyama aliyezoea kufungua kila dakika kumi kuangalia kama vimeyeyuka, ndiye anayeviyeyusha.

Umeme ukirudi, acha taa moja tu iwashwe kwanza. Dakika za mwanzo huwa unapanda na kushuka. Subiri kama dakika tano kabla ya kuchomeka friji, ili gesi kwenye kompresa itulie. Soketi iliyoloweshwa na mvua usiiwashe hadi ikaguliwe.

Mtu akinaswa

Usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, na kama ni umeme wa nyumbani, msukume kutoka kwenye waya kwa mti mkavu au kiti cha plastiki, wewe ukiwa umesimama pakavu. Kama ni laini ya nguzoni, hakuna mti wa kukusaidia. Ni kuwapigia TANESCO na kusubiri wazime.

Aliyepigwa na radi ni tofauti: mwili wake haubaki na umeme, mguse mara moja. Watu wamewahi kuachwa kwa hofu wakati moyo ulihitaji kukandwa tu. Kumwagia maziwa au kumfukia kwenye udongo ni dakika zinazopotea, na kuanza kutafuta mzee gani "ameituma" ni kuongeza msiba juu ya msiba.

Kama hapumui, mlaze chali pagumu, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu hadi kifua kishuke sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali. Usiache hadi apumue au mhudumu achukue nafasi. Hata akiinuka na kusema yuko sawa, apelekwe, kwa kuwa umeme unaweza kuvuruga mapigo ya moyo saa kadhaa baadaye.

Moto wa umeme hauzimwi kwa maji. Zima swichi kuu kama inafikika, tumia mchanga au kizimamoto cha unga, toa watu, kisha piga Zimamoto na Uokoaji, 114. Namba hizo mbili, 180 na 114, ziandike kwa makapeni nyuma ya mlango, kwa sababu simu yenye namba inaweza kuwa ndiyo iliyozima chaji.